Mwalimu Kikombe

Jino langu la mbele lilivunjwa na jiwe lililojificha kwenye maharage, na tangu siku hiyo kila mtu mtaani kwetu Pasiansi akawa na methali moja tu: jino la pembe si dawa ya pengo. Walinirushia kwenye foleni ya sukari, wakanirushia mwaloni, ufukweni mwa ziwa, nikinunua samaki wa sato. Wala sikuwa na pengo! Kilibaki kipande, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Jaribu wewe kufundisha "fa, fe, fi" kwa nusu jino, watoto wakikuiga hadi mate yanawaruka.

Daktari wa meno mjini alinieleza vizuri, sikatai. Jino lingesagwa libaki kisiki, kisha livishwe ganda la kaure, udongo ule ule wa vikombe vya wageni. Likishasagwa halirudi, alisema, na kaure haibadiliki rangi, kwa hiyo rangi ichaguliwe mapema. Akanitolea vijino vya mfano vilivyopangwa safu moja. Vyote vilikuwa vyeupe.

"Langu halimo," nilimwambia.

Meno yangu ni ya kahawia. Kwetu Usukumani, mbali kidogo na ziwa, maji ya kisima yana madini, na sisi tuliokua tukiyanywa tuna meno hayo sote. Mama anayo, dada zangu wanayo. Nikimwona mtu mjini amecheka akayaonyesha, namsalimia Kisukuma bila kuuliza kwao wapi.

"Mwalimu, nani anaagiza jino chafu?"

"Si chafu, daktari. Ni maji ya kwetu."

"Haya, nitawaandikia mafundi wakoleze rangi."

Akasaga, akachukua kipimo, kikapelekwa ng'ambo. Nilisubiri mpaka nikachoka, na lilipofika lilikuwa jeupe pe! Nilitamani kulitupa dirishani. Lakini kisiki kilikuwa kimekwisha kusagwa, ningekwenda wapi nacho?

"Wenzako wanalitafuta jino kama hili, wewe unanuna," daktari alisema, akalibandika.

Ndipo washauri wa kulikoleza jino walipoamka. Jirani yangu Mhaya alinipa kahawa ya kutafuna, nikatafuna wee. Mwalimu mwenzangu akaniapia kwamba dawa ni chai ya rangi, kavu, isiyo na sukari, na sukari yenyewe haikuwepo. Meno yangu mengine yakazidi kukolea, na lile likazidi kung'aa katikati yao. Watoto wakaniita Mwalimu Kikombe.

Likizo ilipofika nikaenda nyumbani. Mama alitoka jikoni akifuta mikono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu cheka nilione hilo jino."

Nikacheka. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Zuri," alisema. "Kumbe ndivyo meno yanavyotakiwa kuwa."

Nilimwambia hapana, wamekosea, niliomba la kahawia. Hakunisikiliza. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka kichwa nyuma, meno yote nje, nyumba ya tatu wanasikia. Jioni ile shangazi alipotutania pale uani, alicheka akiwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga. Sijawahi kulichukia jino lile kama saa ile.

"Mama, toa kanga," nilisema, nikamshusha mkono.

Akaurudisha.