Mkate Chini ya Kawa

Kitabu changu cha kwanza kilimalizika babu yangu akiwa mzee mwenye watoto wanane, ameketi uani kwake Kibra akigombana na kuku. Wasomaji walimpenda. Nikajiona fundi, nikaanza kitabu cha pili kuhusu ujana wake, aliporudi kutoka vita vya Burma akamposa nyanya yangu. Mhariri alinirudishia sura ya kwanza mara mbili. "Najua hafi," aliandika pembeni. "Najua pia anamwoa. Kwa nini niendelee kusoma?" Alinipa nafasi moja ya mwisho.

Mimi nina shahada mbili za fasihi. Kwa hiyo niliongeza risasi.

Sura hiyo niliipeleka kwa nyanya mwenyewe, ambaye sisi Wanubi tunamwita habuba. Nilimkuta uani mchana, anasuka kawa la rangi la kufunikia chakula. Shangazi alikuwa kando yake anapepeta mchele. Nikasoma kwa sauti nzito: risasi ikapita sikioni mwa babu, naye akaanguka matopeni.

"Ngoja," shangazi akasema. "Huyu si ndiye alinizaa?"

"Ndiye."

"Basi hiyo risasi inakimbilia wapi?"

Nikaanza kumweleza nadharia ya taharuki. Habuba akanikata.

"Profesa, siku ya posa unaijua?"

"Naijua. Mlikubali. Ushahidi ni mimi."

"Haya."

Kwao, alisema, jibu la posa halikutamkwa. Wageni waliletewa sinia lililofunikwa kwa kawa. Wakikuta mkate, wamekubaliwa. Wakikuta sinia tupu, wanashukuru na kwenda zao, bila mtu kuaibishwa kwa maneno. Baba yake alikuwa amekubali tangu asubuhi, mama yake akaoka, na yeye mwenyewe akapewa sinia alifikishe mlangoni.

"Nikafika nyuma ya pazia, nikatoa mikate yote, nikaificha kwa kanga."

Shangazi akaacha kupepeta. "Mama, hiyo hujawahi kutuambia."

"Hamkuuliza. Nyote mlijua mwisho."

"Lakini kwa nini uitoe?"

"Kila mtu alikuwa ananiimbia huyo ni shujaa, huyo ni shujaa. Mimi nilitaka kuona akinyimwa anakuwa nani."

Babu akafunua kawa. Sinia likang'aa. Wazee aliokuja nao wakaanza kutafuta viatu vyao. Baba yake habuba akabaki ameduwaa.

Hapo habuba akachukua ukindu mwekundu, akaulowesha, akaanza mzunguko mpya bila haraka yoyote. Treni ikapita upande wa Laini Saba, mabehewa yote. Nilikuwa nimesimama, na karatasi zangu zimeangukia mchele.

"Akafanya nini?" nikauliza, mimi ushahidi.

"Akanawa mikono. Akasema bismillahi. Akamega pale pasipo na kitu, akatafuna, akameza. Halafu akamwambia baba, 'Mkate ni mtamu, ila chumvi imepungua kidogo.'"

Nyuma ya pazia habuba alicheka mpaka mikate ikamdondoka, mmoja baada ya mwingine, na baba yake akageuka kuitazama.

Nikaokota karatasi zangu, nikazipangusa, nikaanza kuandika nyuma ya ukurasa wa risasi.

"Kicheko changu usikitaje mapema," habuba akasema. "Waache kwanza watafute viatu."