Mstari Mmoja wa Kuongeza

Kazi yangu ni kufuta. Nikiwaambia watu hivyo hapa Elburgon, wanadhani nasafisha ofisi za watu Nakuru mjini. Ukweli ni kwamba napalilia kerneli, ule moyo wa mfumo wa kompyuta, hasa sehemu inayoamua prosesa ikimbie lini na ipunguze mwendo lini. Imepitia mikono mingi, na kila mkono umeacha vichaka vyake.

Juzi juzi, ndani ya msimbo wake, niliona swali moja likiulizwa mara mbili: mwendo mpya ni tofauti na wa zamani? Ai, nikasema, watu hawa wanapenda kurudia maneno. Nikafuta moja. Kujaribu, nikatumia kompyuta kuukuu ya dada yangu, anayoendeshea saiba yake, duka la intaneti na kuchapisha, karibu na soko. Asubuhi ilienda vizuri kabisa, nikavimba kichwa.

Mchana dada akailaza bila kuizima, tukaenda kula. Tuliporudi akaiamsha, ikawa inajikokota. Unabonyeza herufi, unaingoja. Na kwenye benchi kulikuwa na familia iliyofiwa, ikisubiri kuchapishiwa programu za mazishi ya kesho.

"Umeniulia kompyuta," dada akasema polepole. Hapo niliogopa, kwa sababu akiwa sawa yeye hupiga kelele.

"Si mimi, ni hii takataka yako."

"Takataka hii ndiyo ilikusomesha."

Nilirudisha kerneli ya zamani, programu zikachapishwa, nami nikakaa kwenye kona na hasira zangu, nikisoma upya. Kumbe prosesa ya mashine hiyo ikilala huamka na mwendo wa chini, huku kerneli ikikumbuka ule wa juu. Swali nililofuta ndilo lililokuwa likienda kuiuliza prosesa yenyewe; lile lililobaki liliuliza kumbukumbu ya kerneli tu. Nilikuwa nimepalilia hadi nikang'oa viazi.

Nikalirudisha, nikaandika sababu juu yake, nikaendelea kufuta kwingine, kisha nikatuma mabadiliko yakakaguliwe. Mkaguzi wetu, mama mmoja wa nchi ya mbali ambaye hajawahi kunisifu, akajibu kwamba amekubali. Nilifurahi hadi nikamnunulia dada chipsi.

Akataka kuona. Nikamwonyesha: alama za kutoa, za mistari niliyofuta, ukurasa mzima, na ya kuongeza moja tu.

"Hii moja inasema nini?"

"Swali hili lisifutwe. Kuna mashine kuukuu zinalihitaji."

Alikaa akiitazama mpaka mama mmoja mteja akagonga kaunta.

"Ngoja kidogo, mathe," akamwambia. "Nasoma mstari wangu."