Viti Vyangu vya Chicago na Matanga ya Mountain View

Nianze kwa kukiri, maana hata nikinyamaza majirani watawaambia: mimi ndiye yule mtu wa mtaa wa Mountain View ambaye mama yake aliombolezwa akiwa saluni anakaushwa nywele. Msicheke kwanza, nafasi ya kucheka iko mbele.

Nilikuwa nimerudi kutoka Chicago baada ya karibu miaka sita, na mnajua mtu akitoka ng'ambo lazima asumbue watu. Mimi nilisumbua mpaka nikabandikwa jina, Chikago. Mtu akilalamikia msongamano wa Waiyaki Way, namwambia kule treni zinapita juu ya barabara, juu ya nguzo za chuma, ukiwa orofa ya pili unawaona abiria wakipiga miayo. Mtu akisema mto wetu unanuka, namwambia kule waliugeuza mto mzima ukatiririka kinyume ili uchafu usiingie kwenye ziwa wanalokunywa. Nikaeleza jinsi mji ulivyoungua ukajengwa upya, jinsi Wapolandi walivyo na mtaa wao na Wameksiko wao, jinsi watu weusi walivyopanda treni kutoka kusini wakaja kujenga wao (hakuna aliyekuwa ameniuliza), na mama yangu akasema, "Karanja, chakula kinapoa."

Sasa kulikuwa na Wambui, mchumba wangu, binti wa Mutuini, watu wa mashamba na ng'ombe ambao hawajawahi kuhama. Mpango wetu ulikuwa tufunge ndoa kisha nimpeleke Chicago. Baba yake, Mzee Njuguna, alisikia na hakufurahi. Jumamosi hiyo walikuwa wanakuja kwetu kwa itara, ile siku ambayo watu wa msichana huja kuona nyumba atakayoolewa, na tulijua wazi kwamba wakirudi na kinyongo hakuna harusi. Mimi nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ningewaeleza Chicago wakati wa chakula, treni, mto, kila kitu, mpaka wao wenyewe waniombe nimpeleke.

Shida ilikuwa maegesho. Barabara yetu ni nyembamba na kila Jumamosi watu wasiojulikana huacha magari mbele ya geti letu, wakaenda zao. Hapo ndipo nikakumbuka desturi ya Chicago: theluji ikianguka unachimba kwa sepetu mpaka gari litoke, halafu unaweka kiti pale pale ulipochimba, na hakuna mtu ataegesha hapo. Kiti kibovu cha jikoni kule kinaheshimiwa kuliko askari. Nikajiambia, Karanja, wewe ni mtu wa akili.

Viti vyetu vya nyumbani vilikuwa vya wageni, kwa hivyo nikaenda kwa Baba Kevo, mwenye funguo za stoo ya chama cha mtaa, nikaomba viti kama ishirini.

"Ni za kwenu?" akauliza.

"Ndio, nataka kuziweka hapo nje kwa geti."

Akanishika mkono, akaushikilia mpaka nikaanza kuona aibu. Nilidhani ni furaha ya wakwe. (Nilikuwa sijui, kwa sababu nilikuwa Chicago nikitazama treni, kwamba viti vile vya buluu havitoki stoo kwa harusi wala kwa ubatizo. Vinatoka mtu akifa, basi.) Na mjue pia kwamba wiki hiyo mama alikuwa amelazwa kwa sababu ya presha, mtaa mzima ulimwona akishikiliwa mikono kuingizwa kwenye teksi. Ijumaa alirudi bila mtu kumwona, na Jumamosi asubuhi akatoroka kwenda Kangemi kutengenezwa nywele, eti wakwe wasimkute kama mgonjwa.

Nikapanga viti kandokando ya barabara, nikarudi ndani kuoga.

Nikiwa na sabuni usoni nikasikia wimbo. Sio wimbo wa furaha. Nikavaa suti haraka (nyeusi, ndiyo niliyokuwa nayo), nikatoka, nikakuta akina mama wa kanisa wamekaa kwenye maegesho yangu, wengine wamekuja na sukari na majani chai, mwingine ameshawasha moto na sufuria kubwa iko juu. Nilipofungua mdomo nieleze, Mama Kevo alinikumbatia akanibana uso kifuani.

"Lia, mtoto wangu. Usijikaze."

"Mama hajafa!"

"Maskini, bado hajakubali," akawaambia wenzake.

Kila nikisema mama yuko salama wananijibu ndio, yuko salama kwa Bwana. Na katikati ya hayo basi dogo la kukodi kutoka Mutuini likafika, likakosa pa kuegesha. Wa kwanza kushuka alikuwa Tata Nyambura, shangazi ya Wambui, aliyekuja na vigelegele tayari mdomoni. Akavimeza.

"Ni nani ametuacha?"

"Ni Mama Karanja," akaambiwa.

Tata Nyambura akaketi akalia kuwashinda wenyeji, na hakuwa amewahi kumwona mama yangu hata kwa picha. Mzee Njuguna akavua kofia. Nikamtikisia Wambui kichwa kwa nguvu ili aelewe si kweli, naye akamwambia baba yake kwamba natetemeka, niletewe maji.

Mama Kevo akasimama kusema machache.

"Huyu mama amengoja jameni. Kila Jumapili tukitoka kanisa hakai na sisi, anakimbia nyumba kungoja simu ya kijana wake kutoka huko Chikago. Siku zingine haikulia. Alikuwa anatuambia imelia, na sisi tunajua."

Hapo nikaacha kubisha. Jumapili nyingi nilikuwa zamu, na nilipompata baadaye alisema ni sawa tu, hata yeye hakuwa nyumbani, alikuwa kwa marafiki. Machozi yakanitoka, ya kweli, mbele ya watu wote.

"Asante Yesu," mtu akasema, "sasa amekubali."

Ndipo bodaboda ikasimama na mama akashuka, nywele zinang'aa.

"Nani amekufa kwangu?"

Sijawahi kuona akina mama wa makamo wakikimbia vile. Mama Kevo aliingia kwenye mtaro na mfuko wake wa sukari. Ilichukua muda kuwarudisha, na nilipoeleza habari ya theluji na viti, walinitazama kama mgonjwa wa malaria.

Tata Nyambura hakucheka. Alipangusa macho, akamtazama mama, kisha mimi.

"Sasa niambie. Na sisi tutakuwa tunangoja simu ya Wambui hivyo hivyo?"

Hotuba yangu yote ikayeyuka. Nikamtazama mama, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hatuendi," nikasema. "Tutakaa hapa."

Mzee Njuguna akarudisha kofia kichwani akaingia ndani kula. Wambui alinifinya mgongoni kwa kucha, maana alikuwa ameshanunua buti za theluji, lakini ningefanya nini, nilikuwa nimeahidi mbele ya kanisa zima. Waombolezaji nao walibaki wakala chakula cha wakwe mpaka kikaisha, na chai ya matanga ndiyo iliyotuokoa.

Tangu siku hiyo nimeapa sitaleta tena desturi ya mji wa watu kwenye geti la mama yangu. Wageni walipoondoka tulikuwa jikoni tunaosha vyombo, akaniambia bila kunitazama, "Ile ya simu, Mama Kevo aliongeza chumvi."

Nikamwambia najua, huyo mama anapenda kuongeza chumvi. Tukaendelea kuosha.