Siku Niliyomjibia Mfaransa

Sie tuliosoma kabla simu hazijageuka walimu, tukiyajua ya Ulaya na Marekani kuliko ya jirani zetu. Msicheke! Ukitutuma sokoni Darajani tukisahau chumvi, lakini tuulize watu wa Boston walitupa nini baharini, tunakujibu na ubuyu mdomoni: chai!

Mie mwalimu wangu hasa alikuwa baba. Alikuwa fundi cherehani Ng'ambo, na skuli aliiacha darasa la nne. Kila alasiri nikitoka chuoni kusoma Kurani namkuta mguu uko kwenye pedeli, daftari langu kaliegemeza kwenye jora la kitambaa, ananiuliza vita vya Waterloo, ananiuliza mkutano wa Berlin. Nikikosea, cherehani inasimama. Nikipatia, inaendelea. Ah, mlio ule naupenda mpaka leo.

Basi skuli yetu ikaingia fainali ya chemshabongo na skuli moja ya Mji Mkongwe, kwao huko huko. Baba akafunga duka, yeye asiyefunga ila kwa maziko, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akakaa mstari wa mbele. Nikajua mtihani ule ni wake pia. Nilitaka nishinde asikie kwa masikio yake kwamba hakupoteza wakati wake bure.

Tukaenda sare mpaka swali la mwisho. "Mapinduzi ya Ufaransa yaliripuka mwezi gani?"

Kusikia mapinduzi tu, mie huyo, nshasimama: "Januari, siku ya kumi na mbili!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi, kwa mazoea! Mwalimu aliyekuwa akiuliza maswali akangoja yaishe. "Hayo yetu, mwanangu. Nauliza ya Mfaransa."

Mtoto wa upande wa pili akasema Julai, taratibu, na kikombe kikaenda zake. Nikalia kwa kwikwi. Uso wa baba sikuweza kuutazama.

Tulirudi kwa miguu, baba kanishika mkono. Tulipovuka Darajani akasema, "Haya, Boston walitupa nini?"

"Chai, baba."

"Barabara! Na Waterloo alishindwa nani?"

"Mfaransa."

"Basi kisasi tushalipa," akacheka, na mie nikacheka na machozi yangu. Akaniuliza mpaka mlangoni, na kila nikipatia akinibana mkono kidogo.

Wanangu leo ukiwauliza wanagusa kioo, jibu linatoka hujafunga mdomo. Wanajua kila kitu, mpaka chaji iwaishie. Siwalaumu, ila raha ya kuulizwa na mtu anayeomba moyoni upatie, hiyo hawaijui. Baba ametangulia mbele ya haki, na dukani kwake sasa wanauza makava ya simu. Majibu yote nnayo. Natamani aniulize swali moja tu, nikosee mbele ya watu wote, kisha anishike mkono twende nyumbani.