Mume Wangu Anataka Nimsaidie Mazoezi ya Kunikana

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu naomba mlifiche. Mimi ni Mtanzania wa miaka thelathini na tatu, nesi hapa Stockholm. Naishi mtaa wa Hagsätra na mume wangu na binti yetu wa miaka saba.

Mume wangu ni Mrusi, na si Mrusi hivi hivi. Nilipokuwa nasomea unesi Moscow, sura yake ilikuwa kwenye mabango ya sinema kila kona. Aliigiza maofisa wa jeshi na wachumba waliofiwa, wanawake wakitoka ukumbini macho mekundu. Akaniona mimi, mtoto wa Dodoma ndani ya koti la kuazima, tukaoana. Wakubwa wa serikali yao hawakupenda. Kazi zikapungua, na tulipokuja huku akakataa kurudi, filamu zake zikafungiwa stoo. Kwenye chache zilizobaki wakalikata jina lake.

Huku Sweden ameigiza mara mbili tu, zote jasusi wa Kirusi, na zote anapigwa risasi kabla hajafungua mdomo. Siku nyingine anaosha vyombo mgahawani. Namwonea huruma sana, jamani. Mtu aliyekuwa akishangiliwa anarudi nyumbani ananuka samaki wa kukaanga, mtoto anamsemesha Kiswidi, naye anaitikia kwa kichwa tu.

Mwezi uliopita watu wa serikali ya kwao walimpigia simu. Anaruhusiwa kurudi, na kuna filamu inamsubiri, yeye ndiye mhusika mkuu. Sharti ni aende peke yake, akae mbele ya televisheni, aseme alipotoshwa. Na aliyempotosha ni mimi.

Tangu tuoane, mazoezi tunafanya wawili. Nashika karatasi, namsomea maneno ya wenzake, akikosea namrekebisha. Basi Jumapili akaniletea karatasi jikoni kama kawaida. "Nishikie," akasema. Nikawa nasoma maswali ya mtangazaji, yeye anajibu kwamba nilimlaghai, nikamtenga na mama yake, na miaka yote hii ameishi kama mfungwa. Akasahau mstari mmoja, nami kwa mazoea nikamkumbusha! Yaani neno la kunitukana nimempa mwenyewe.

Nikamuuliza, "Na mtoto? Mbona hayumo humu?"

"Mtoto hatajwi. Wamesema ataharibu."

"Na wewe unasemaje?"

"Ni maneno tu, mpenzi wangu. Nikikaa sawa nitawaita."

Nilimweleza rafiki yangu Mganda, aliyekuja huku kama mkimbizi. Hakunipa pole. "Dada, wangu mimi alisema nitangulie, yeye atanifuata. Mpaka leo namngoja. Wewe ficha pasipoti ya huyo bwana!"

Nikiificha, atazeeka kwenye sinki la watu akinichukia. Nikimruhusu, nchi nzima itanijua kama tapeli, na mwanangu atakua bila baba. Nampenda, hilo ndilo linaloniua.

Jana tulirudia tena. Alipofika pale pa kunikana alilia, machozi yakamshuka mpaka kidevuni, akanishika mkono. Nami nikalia, nikajua hawezi kuondoka. Kisha akafuta uso, akaniuliza kama machozi yamekuja mapema mno.

Anataka jibu langu Ijumaa. Nishaurini ndugu zangu, nimwachie aende au nimzuie?