Juzuu ya Kumi na Nne

Usiku ule wa tano wa likizo yangu nililala mapema, nikiwa nimejikasirikia. Ofisi ya maji ninakoendesha lori ilinipa siku saba, na nilikuwa nimeziandikia mipango kwenye karatasi kama mtu mwenye akili zake: kulala vya kutosha, kutengeneza mlango wa jikoni, kusali sala zote msikitini, na mwisho kabisa, kusoma juzuu ya kumi na nne. Mlango niliutengeneza. Msikitini nilikwenda. Juzuu ilikuwa juu ya kabati, nami nilikuwa naipita kwa mbali kama mtu anayemkwepa jirani aliyemkosea.

Nieleze kwanza, maana nimeficha vya kutosha. Mimi sijui kusoma Kurani. Utotoni nilitoroka chuo mpaka Maalim akachoka kunifuata, na sura fupi ninazosalia nilizishika kwa masikio tu. Mke wangu Mwanaidi aligundua mwaka wa pili wa ndoa yetu. Alicheka, haki ya Mungu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaleta msahafu na kijiti cha chelewa cha kuonyeshea herufi, akaanza kunifundisha baada ya sala ya alfajiri, mlango umefungwa, majirani wasisikie dume zima linaunganisha herufi. Tulisoma siku mbili, tukaacha mwezi. Safari, uchovu, na uvivu wangu. Miaka ikaenda hivyo hivyo, na mwaka jana akafariki.

Siku ya hitima yake juzuu thelathini ziligawiwa barazani, kila mtu asome yake, zikiisha zote iombwe dua na thawabu zimfikie marehemu. Mimi nikapewa ya kumi na nne. Mume wa marehemu atakataaje mbele ya watu? Nikaifungua. Nikawa natikisa kichwa na kuchezesha midomo, nikigeuza ukurasa kila jirani yangu alipogeuza wake. Dua ikaombwa, watu wakala pilau, na mimi peke yangu nikajua kwamba Mwanaidi amesomewa juzuu ishirini na tisa. Mwaka mzima nimelala na jambo hilo.

Basi usiku ule naona niko gereji ya ofisini, nimelala chini ya lori, nahangaika na nati isiyofunguka. Nilipotoka chini ya lori, pale palikuwa ni barazani kwetu. Mikeka imetandikwa, na watu wa siku ile wamekaa, kila mmoja amefunga juzuu yake mapajani. Hakuna anayenitazama kwa ubaya. Wanangoja tu. Pilau imepoa kwenye masinia, mafuta yameganda.

Mwanaidi alitoka ndani. Amevaa gauni lake la nyumbani la kijani, lililopauka mabegani, na kanga ameitupia kichwani kama mtu aliyeamshwa. Sikushtuka. Nilijua amekufa, na nilijua pia kwamba si jambo la kumwuliza. Moyo ulinijaa.

"Baba Rukia," alisema, kwa jina la binti yetu, kama alivyoniita siku zote. "Umefika wapi?"

"Nimemaliza." Uongo ulinitoka wenyewe, hata mbele yake.

"Sikuuliza kama umemaliza. Umefika wapi?"

Watu wametoweka bila kuinuka. Mikono yangu ina grisi, naogopa kushika kitabu, najipangusa kwenye suruali mpaka viganja vinaniuma.

"Sijaanza," nikasema. "Sikusoma hata neno moja, Mama Rukia. Siku yako wewe, mimi nilikuwa nageuza karatasi."

Akakaa, si mbele yangu, bali kando, bega kwa bega, kama alivyokaa alfajiri zile. Tuko chumbani sasa na mlango umefungwa. Naona mkono wake tu, unakuja juu ya ukurasa, na kijiti kinasimama kwenye herufi ya kwanza. Hina ya kucha zake imekwisha nusu, kama ilivyokuwa siku zake za mwisho hospitalini. Nililia. Nilitaka kugeuka nimwone uso.

"Tazama mstari," anasema.

Natazama mstari. Naunganisha herufi mbili, tatu, nakosea, na kijiti kinarudi nyuma kinaningoja. Mwanaidi alinigombeza kwa mambo mengi duniani, kwa viatu nilivyoacha mlangoni, kwa simu nisizopokea, lakini kwa herufi hakunigombeza hata siku moja. Neno likatoka zima. La pili likatoka. Nasikia pumzi yake sikioni na harufu ya iliki. Nikaanza kuyakimbiza maneno, maana nilihisi kunakaribia kucha, na juzuu nzima ilikuwa bado.

"Polepole," alisema. "Mimi sina tena pa kwenda."

Nikapunguza mwendo. Nikafika mwisho wa aya, nikangoja aseme niendelee. Nilingoja sana. Nilipogeuka, nilikuwa kitandani, natazama ukuta, na adhana ya alfajiri inaadhiniwa. Nilimtii mpaka mwisho, na kwa kumtii sikumwona uso. Hilo liliniuma kuliko siku tuliyomzika.

Dada yangu mkubwa, Zena, anayekaa nami tangu msiba, alikuwa uani anatia udhu. Nikamwendea nikamwambia yote, ndoto, hitima na uongo wangu wa mwaka mzima. Aliendelea kuosha miguu mpaka akamaliza.

"We Athumani," akasema, "nani hapa hajui kwamba ulitoroka chuo? Nilikuona dirishani unavyochezesha midomo. Nikamwuliza Maalim aliyegawa juzuu amekupa ipi, nikaisoma mimi, jioni ileile, na dua nikamwombea."

"Imesomwa?"

"Imesomwa yote. Mkeo hakupungukiwa kitu."

"Mbona hukuniambia, dada?"

"Umefiwa na mke, halafu nikuongezee aibu?"

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa chini pale uani nikalia kwa sauti, na dada yangu akanishika kichwa. Kumbe Mwanaidi hakuja kulalamika. Juzuu anayo, tangu siku ileile. Lakini kila alfajiri aliponiita tusome nami nikavuta shuka, nilimwambia neno moja tu: ngoja nipate likizo, mke wangu, tutakaa wiki nzima. Miaka kumi na tisa nilimwambia hivyo, na sikuwahi kuiomba. Mwaka huu nimeiomba, naye amekuja.