Kisanduku cha Pampu

Katika wiki ya saba ya mafunzo yake kwa vitendo, binti niliyekuwa nikimsimamia aliniwekea mezani fomu ya tathmini kutoka chuo kikuu. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa maji. Mama yake analima maharage Kabanga, na binti aliichagua kampuni yangu ndogo ya Kasulu kwa sababu angeweza kulala nyumbani. Fomu iliorodhesha mambo kumi na mawili ambayo mwanafunzi alipaswa kuyaweza, na mbele ya kila jambo kulikuwa na visanduku viwili: ameweza, hajaweza. Kumi na moja tulikuwa tumeyajaza.

"Mzee, hili la mwisho tutalifanya lini?" aliniuliza.

La mwisho lilisema kwamba mwanafunzi anaweza kubuni, kufunga na kukagua mfumo wa kusukuma maji kwa pampu bila kusimamiwa. Chini yake iliandikwa kwamba atakayeshindwa jambo lolote kati ya hayo atarudia mafunzo mwaka unaofuata.

Kazi yetu ni maji ya mserereko. Milima ya huku ina chemchemi juu ya vijiji. Tunajengea chanzo, tunachimba mtaro, tunalaza bomba, na maji yanashuka yenyewe hadi kwenye tenki. Katika miaka yote ya kampuni yangu sikuwahi kufunga pampu hata moja. Nisichothubutu kumwambia ni kwamba sentensi ile ilikuwa yangu.

Miaka kadhaa kabla, chuo kilipokuwa kikibadili mtaala wake ili upimwe kwa matokeo, niliitwa kwenye warsha kama mwajiri. Mhadhiri aliyeiongoza alituomba tusiseme wanafunzi wafundishwe nini, bali tuseme wakihitimu waweze kufanya nini. Nililipenda swali lile, na ninalipenda hadi leo. Mimi nilihitimu kwa kukariri. Nilipoanza kazi Kibondo, fundi bomba aliyeishia darasa la saba ndiye aliyenionyesha namna ya kuunga bomba, tena akiwa amewapa mgongo wenzake ili wasione kwamba injinia anafundishwa. Nilitaka vijana wanaokuja nyuma yangu waepushwe na aibu hiyo.

Lakini walionitangulia kuzungumza walitaja mitambo ya umeme na mabwawa. Zamu yangu ilipofika, mitaro na chemchemi zangu niliziona ndogo. Nikasimama, nikasema pampu, nikaongeza "bila kusimamiwa", na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu akaandika.

Nilimpigia simu mhadhiri yuleyule. Nilimweleza kwamba binti ni hodari: alilifuata bomba kwa miguu kutoka chanzo hadi kijijini, akagundua kwamba maji hayafiki kwa sababu hewa imenaswa penye mgongo wa kilima, akaonyesha mahali pa kuweka vali, na maji yakafika. Nikamweleza pia kwamba pampu hajaigusa.

"Kaka, nakuamini," alisema. "Lakini hewa kwenye bomba haimo kwenye fomu."

"Kuna mahali pa kuandika maelezo?"

"Hakuna. Kuna tiki. Na wakaguzi wa ithibati wanakuja. Kila tokeo linataka ushahidi kwenye faili. Ukiweka hajaweza, anarudia mwaka. Mimi sina ninachoweza kufanya." Akaongeza: "Halafu kaka, sentensi ile tuliipata kwako. Tusingeibuni sisi."

"Sasa unanishauri nini?"

"Mimi nitapokea fomu na picha. Pampu gani, sitauliza."

Jumanne tulikwenda Kibondo. Nilikijua kisima kirefu kilichochimbwa na shirika moja wakati kambi za wakimbizi zilipofurika, chenye pampu inayotumia jua. Mama anayeitunza alitufungulia lango, tukasalimiana kwa Kiha. Nilimvalisha binti kofia ya kazi, nikamsimamisha kando ya bomba la kutokea maji, kisha nikamwomba asogee kushoto. Nyuma yake palikuwa na kibao chenye jina la shirika na mwaka. Alikitazama, akanitazama, akasogea mpaka bega lake likakifunika.

"Injinia," yule mama alisema, "pampu hii imepigwa picha kuliko bibi harusi. Wanaokuja na simu ni wengi. Mwenye spana sijamwona."

"Ina tatizo?"

"Tatizo mniulize mimi? Si ndiye huyu aliyeifunga?" Alicheka, akampiga binti begani. "Uliifunga ukiwa chekechea, mwanangu?"

Binti alicheka pia, kwa adabu. Kisha akamuuliza, kwa Kiha, pampu inafanyaje kiangazi maji yakishuka kisimani. Mama alimweleza kwa kirefu, akionyesha kwa mikono namna inavyonguruma na namna anavyoizima kabla haijaanza kuvuta hewa. Mimi nilikuwa nikikagua picha kama imetoka vizuri.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilikuwa nikijiambia kwamba kumrudisha mwaka mzima kwa kosa la ulimi wangu ni dhuluma, na kwamba kutia saini ni uongo, na kwamba mtu aliyebaki na dhuluma na uongo tu achague lile litakalomuumiza yeye mwenyewe. Hata wakati huo nilijua kwamba hesabu hiyo ina kasoro. Uongo ule ulikuwa wa jina la binti pia, na angeubeba kwenye kila usaili.

Tulipofika Kasulu nilitia tiki kwenye ameweza, nikasaini, nikagonga muhuri. Nilimkabidhi fomu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma tena kuanzia juu kana kwamba hajawahi kuiona.

"Asante, mzee. Nimebakiza wiki moja. Naomba sasa unifundishe pampu."

Ningeweza kusema kwamba hatuna mafuta ya gari, na ingekuwa kweli. Nilimwambia kwamba pampu niliisoma darasani tu.

Hakushangaa, nadhani alikwisha kujua tangu lile bega na kibao. Aliitia fomu kwenye bahasha, akailamba gundi, akaibana kwa kiganja.

"Basi la Kibondo linaondoka saa ngapi asubuhi?"

"Saa kumi na mbili. Unakwenda kwa nani?"

"Kwa yule mama."

Nilitaka kumwambia kwamba nitakwenda naye. Nilitazama mkono wangu mezani, karibu na muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka, na sikuona ningekwenda kule kama nani.